Likizo hii, wapeleke watoto Bustani ya Mungu

 

Shule zimefungwa. Watoto wako nyumbani na wengi wetu tumeshaanza kulalamika kwamba nyumba imegeuka soko. Dawa tunazozijua ni mbili: tuisheni asubuhi na katuni jioni. Jumapili tunakwenda nao kanisani, lakini tukifika getini kila mmoja anashika njia yake. Wao wanaingia Shule ya Jumapili, baba yuko kwenye kamati ya ujenzi, mama anabaki na kwaya. Mnakutana tena saa nane mchana, kila mtu ana njaa na hakuna wa kumsemesha mwenzake.

Nikuulize, ndugu yangu: mara ya mwisho kutembea na mwanao nusu saa nzima, bila kumtuma kitu wala kumfokea, ilikuwa lini?

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, Musa anawaagiza wazazi wayafundishe maneno ya Mungu kwa watoto wao. Anataja mahali pa kufundishia: nyumbani mkiwa mmeketi, na njiani mkiwa mnatembea. Darasa na mimbari hakuvitaja. Wazee wetu njia walikuwa nayo, walikwenda na watoto shambani, mtoni, gulioni, na mengi yalisemwa huko. Sisi tumemkabidhi mtoto kwa basi la shule saa kumi na mbili asubuhi, na ile nusu ya agizo inayohusu njia imebaki bila mwenyewe.

Kwetu huku Nyanda za Juu Kusini majira yanatusaidia. Wimbo Ulio Bora, sura ya pili, unasimulia jinsi baridi inavyopita, mvua inavyokoma, kisha maua yanatokea katika nchi. Hiyo ni Palestina. Kwetu mambo yamegeuka: maua yanakuja pamoja na mvua. Kuanzia Novemba, mvua za kwanza zikishalowesha ardhi iliyokauka tangu Mei, uwanda wa Kitulo unaanza kubadilika rangi, na unaendelea hivyo hadi mwezi wa nne. Kwa hiyo likizo ndefu ya Desemba inaangukia palepale. Waliopanga kalenda ya shule sidhani kama walikuwa na Kitulo akilini, lakini tushukuru.

Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Iko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukubwa wake ni kilometa za mraba 412. Kuna aina zipatazo 350 za mimea, na kati ya hizo 45 ni okidi. Wenyeji waliiita Bustani ya Mungu kabla ya serikali kuweka bango. Ukitokea Mbeya unapitia Isyonje, barabara ya Tukuyu. Ukitokea Iringa unashuka na barabara kuu ya Zambia hadi Chimala, kisha unapanda kwenda Matamba kwa ile barabara ya kona hamsini na saba. Watoto watazihesabu zote, na watabishana ni hamsini na ngapi. Mama mmoja wa usharika wetu aliniambia kwamba mwanaye wa darasa la sita, ambaye nyumbani hujibu "ndiyo" na "hapana" tu, aliongea zaidi kwenye zile kona kuliko alivyoongea muhula mzima.

Mkifika juu, someni Mathayo 6, pale Yesu anapowataka watu watazame maua ya mashamba jinsi yanavyokua, na kwamba hata Sulemani katika fahari yake yote hakuvaa kama mojawapo ya hayo. Sisi tumeihubiri mistari hiyo miaka mingi kama somo la kutohangaika na fedha. Sawa, imo. Lakini kabla ya somo kuna agizo, nalo ni kutazama. Mtoto wa miaka saba analitii agizo hilo haraka kuliko mchungaji. Atalala kifudifudi kwenye majani yaliyolowa atazame ua moja dakika kumi, nawe utaona nguo inachafuka. Mwache. Nguo zinafuliwa.

Mwambie pia habari isiyopendeza. Okidi hizo zina viazi ardhini, na viazi hivyo vimechimbwa kwa wingi katika milima yetu na kuvushwa kwenda Zambia, ambako vinasagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kinachoitwa chikanda. Anayechimba mara nyingi ni mtu maskini anayetafuta ada ya mtoto. Anayekula hajui ua lenyewe linafananaje. Mtoto akiuliza nani mwenye kosa, msijibu haraka. Hilo ni swali zuri la kuwachukua njia nzima ya kurudi, nalo linafundisha Mwanzo 2:15, habari ya kuilima bustani na kuitunza, kuliko mahubiri yangu.

Kisha kuna kipunji. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika misitu ya mlima Rungwe na Livingstone, upande wa Kitulo, walifuatilia habari walizosikia kwa wenyeji juu ya nyani fulani wa ajabu. Wakamwona kweli. Mwaka 2005 akatangazwa duniani, na mwaka uliofuata wanasayansi wakaona anastahili jenasi yake mwenyewe, wakaiita Rungwecebus, na jina lake la pili wakaliacha kama wenyeji walivyolisema: kipunji. Mwanzo sura ya pili inaeleza kwamba Mungu alimletea mwanadamu wanyama aone atawaitaje. Mwambie mtoto wa Rungwe kwamba kazi ile ya Adamu ilikuwa haijaisha mwaka 2003, na kwamba jina lililopita lilitoka vijijini kwao. Nimeona watoto wakinyooka migongo wakisikia hivyo.

Ninyi wa Iringa, msinung'unike kwamba nimekaa Mbeya mno. Kwenu kuna mawe, na Biblia ina mengi ya kusema juu ya mawe. Yoshua 4 inasimulia jinsi Waisraeli walivyochukua mawe kumi na mawili katikati ya Yordani, ili siku watoto watakapouliza maana yake, baba zao wawe na la kujibu. Gangilonga mnaipanda kwa miguu kutoka mjini, hata jioni baada ya kazi. Jina lenyewe kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Mkiwa juu mnauona mji wote, na mtoto atauliza tu. Je, baba, una la kujibu? Unajua kwamba Mkwawa alikufa mwaka 1898 akikataa kukamatwa na Wajerumani, na kwamba fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954 na liko hapo Kalenga?

Isimila, kilometa kama 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya, ina nguzo ndefu za mchanga mgumu zilizochongwa na maji, na zana za mawe ambazo wataalamu wanakadiria zina zaidi ya miaka laki mbili. Hapo utapata swali gumu zaidi: "Mbona Shule ya Jumapili tuliambiwa vingine?" Usimnyamazishe. Imani inayovunjwa na shoka la jiwe ilikuwa na ufa tangu mwanzo, na mtoto anayezibwa mdomo leo akiwa na miaka tisa atakuja kuliuliza swali lake chuoni, kwa mtu mwingine, wewe ukiwa haupo.

Sasa mambo ya safari. Luka 2 ni habari ya safari ya familia. Yusufu na Mariamu walikwenda Yerusalemu kwa sikukuu kila mwaka, walikuwa wazoefu, na bado walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani kijana wao wa miaka 12 yuko kwenye msafara. Walimpata baada ya siku tatu. Kwa hiyo hesabuni watoto. Kila mtu mzima apewe watoto wake kwa majina, maana mtoto wa wote huwa hana mtu. Ziwa Ngozi lina msitu mzuri na njia ya kupanda inayoteleza mvua ikinyesha. Chukueni mwenyeji wa kuwaongoza, na wadogo waishie juu, wasishuke majini. Ondokeni alfajiri, mvua na radi za milimani hupenda mchana. Masweta kila mmoja, hata Desemba. Chai ya moto, viazi vya kuchemsha, mayai, parachichi.

Najua utasema fedha. Kweli, gari la kukodi na kiingilio si kidogo. Sharika na jumuiya zinaweza kuchanga Kosta moja, kama tunavyochanga kwa harusi bila kuguna sana. Na ikishindikana, Loleza iko juu ya mji wa Mbeya bila kuondoka mjini, na Rungwe unaweza kuwaonyesha mahali Wamoravian walipoanzia kazi yao mwaka 1891. Mkiwa mnapanga, kumbukeni mtoto wa jirani anayelelewa na bibi. Mikoa yetu hii imezika wazazi wengi vijana kwa sababu ya UKIMWI, na hao watoto hawana wa kuwashika mkono kwenda popote. Nafasi moja haipungukii mtu.

Kuna mwingine, na hapa nataka tukae kidogo. Nyumba nyingi zinazosoma ukurasa huu zina dada wa kazi. Wengi ni mabinti kutoka vijiji vya Iringa na Njombe, na wengine, tuseme ukweli mbele za Mungu, ni watoto wa umri wa kuwa darasani. Familia ikitoka kutembea, yeye yuko wapi? Amebaki anadeki. Au amekuja, lakini amekuja kubeba mtoto mgongoni na kapu mkononi, akila mwisho, akiosha vyombo mtoni wakati wenzake wanapiga picha. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati 5:14 inamtaja mtumishi wa kiume na wa kike kwa makusudi, ili nao wapumzike kama wewe. Unaweza kuwa unasali Jumapili au Jumamosi, mstari huo unakuhusu vilevile. Watoto wako wanaangalia kapu liko mkononi mwa nani.

Basi safari hii chai apike baba. Mtoto abebwe na mama yake. Huyo binti mwambie leo jioni kwamba Jumamosi anakwenda Kitulo na hana kazi huko, na kwamba kwenye zile kona za Matamba atakaa dirishani.