Samaki Wetu Wahamiapo Tangi Kubwa

Siku moja kabla ya Idd, baba watoto aliingia nyumbani na tangi la kioo la lita 300, ili samaki wetu watatu wa bahari watoke katika lile la lita 80 walimokuwa wakipishana kwa taabu. Kabla ya adhana ya Magharibi tulikwisha kutia mchanga mpya, mawe mapya na maji mapya, na samaki wamo ndani. Wageni wa Idd walilisifu sana. Asubuhi ya siku ya tatu, samaki wawili walikuwa wanaelea. Binti yangu wa miaka sita hakulia, aliniuliza tu: "Mama, ni sisi tuliowaua?"

Swali la mtoto kuhusu kiumbe chake si dogo. Sote twakijua kisa cha Abu Umayr, nduguye mdogo Anas bin Malik, aliyefiwa na kidege alichokuwa akicheza nacho, na jinsi Mtume (S.A.W.) alivyomwuliza kwa upole habari za kidege hicho. Twakijua pia kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Mwenye kumfungia kiumbe amejitwika riziki yake na uhai wake. Basi nilimjibu kweli: ndiyo, ni sisi, kwa kutojua.

Kilichowaua si uchafu, ni usafi. Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu kwake mwenyewe. Baharini hupotea katika maji mengi. Tangini huondolewa na bakteria wasioonekana kwa macho, wakaao juu ya mawe, mchangani na ndani ya chujio: kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili ikiwa si nyingi. Bakteria hao hukua polepole. Tangi lililoanzishwa na vitu vipya vitupu huhitaji kiasi cha wiki nne hadi sita kabla ya kuweza kubeba samaki. Letu tulilipa saa chache.

Aliyesalia, kangaja mdogo, tulimrudisha katika tangi la zamani, ambalo kwa rehema za Mola hatukuwa tumelimwaga na pampu yake ilikuwa ingali ikizunguka. Safari ya pili tuliianza kwa kutazama meza. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo lita 300 pamoja na mawe si mzigo wa kabati la vyombo.

Maji tuliyateka upande wa bahari kuu, maji yamejaa, wala si katika hori ya Tudor, ambako mvua za masika hupunguza chumvi. Maji ya bahari kuu huwa na gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Pima matangi yote mawili, kwani maji yakigeuka mvuke chumvi hubaki, na tangi la zamani huenda limekolea kuliko udhaniavyo. Upungufu huo hujazwa kwa maji baridi yasiyo na klorini, wala si ya kisima chenye chumvichumvi kama vingi vya Mombasa. Joto nalo lilingane, nyuzi 25 au 26.

Siku ya kuhama kangaja hakulishwa. Tulichota nusu ya maji ya zamani kwa ndoo ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni, tukatoa mawe na kuyazamisha humo humo, yasikauke hata kidogo. Mawe yakishatoka, samaki hukamatika bila kukimbizwa. Kangaja ana wembe kando ya mkia unaonasa katika wavu, hivyo tulimchota kwa chombo cha plastiki. Mchanga wa zamani tuliuacha, maana ukivurugwa hutoa uchafu uliolala humo, na pengine hewa yenye harufu ya yai bovu, ambayo ni sumu. Chujio tulilihamisha vivyo hivyo, bila kuliosha. Hapa nilijizuia kwa nguvu, sisi tuliolelewa kusugua kila kitu mpaka king'ae.

Mawe na chujio viliingia kwanza, kisha maji. Kangaja alikaa ndooni saa nzima huku maji ya tangi jipya yakimdondokea kwa mrija mwembamba uliofungwa fundo, kisha akaingizwa, taa zikiwa zimezimwa mpaka kesho yake. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ilikuwa karibu, maana umeme wetu mwaujua. Wiki nzima tulipima amonia kila siku, tayari kubadilisha sehemu ya maji ikionekana, na chakula kilikuwa cha kuonja tu.

Na mawe mengine msiyaokote katika hifadhi za bahari za Mombasa, Watamu au Kisite. Sheria yakataza.

Siku mbili kangaja alijificha. Siku ya tatu, baada ya sala ya Alfajiri, binti yangu alinivuta mkono hadi kwenye kioo: alikuwa akidonoa mwani juu ya lile jiwe la zamani.