Mgeni na Tikiti ya Kurudi

Wazazi wa wanafunzi wetu hutujia mara kwa mara na swali lisilokuwa la tajwidi wala la mirathi, nalo ni hili: kijana, au mama mtu mzima, ameitwa na jamaa zake Maskati au Dubai au London akawazuru, je, ni lazima anunue tikiti ya kwenda na kurudi, au yatosha ya kwenda peke yake? Wengine wameambiwa na madalali kuwa ni lazima kila mahali, tena ilipwe mapema. Wengine wameambiwa kuwa ni hila ya wenye ndege ili wauze tikiti mbili badala ya moja. Kauli zote mbili zina kasoro, na wako waliopoteza fedha nyingi kwa kuzifuata. Kwa hiyo twaona yafaa tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo.

Kwanza tujue kwamba sharti hili si geni, wala halikuanza na ndege. Waislamu walikutana nalo katika safari ya Haji zamani za marikebu. Walikuwako mahujaji wengi waliofika Jidda na nauli ya kwenda tu, na walipokwisha kutimiza ibada wakabaki pwani hawana cha kula wala cha kupandia chombo. Serikali ya Kidachi, iliyokuwa ikitawala visiwa vya Indonesia, ilitunga sheria mwaka 1922 kuwa haji wa huko awe na tikiti ya kwenda na kurudi. India nayo, chini ya Waingereza, ilifuata mwaka 1925: anayetoka awe na tikiti ya kurudi, au aweke amana ya fedha za kumrudisha. Hatusemi kwamba nia za watawala hao zote zilikuwa za huruma. Lakini jambo lenyewe vitabu vyetu vilikuwa vimekwisha kulitaja karne nyingi kabla yao.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anapoeleza katika Minhaj uwezo unaomwajibisha mtu Haji, hakutaja gharama za kwenda peke yake, bali za kwenda na za kurudi. Tena akaleta kauli nyingine, kwamba mtu asiyekuwa na ahali wala jamaa katika mji wake hashurutishiwi masurufu ya kurudi. Kauli hiyo siyo inayotegemewa, lakini msomaji na aitazame vizuri, kwani ndani yake mna fahamu kubwa: kinachomrudisha mtu kwao ni watu wake. Na hilo ndilo hasa analolitafuta afisa wa ubalozi leo, ajapokuwa hajapata kulisikia jina la Nawawi.

Tazama sheria ya Marekani ya mwaka 1952, katika kifungu cha 214(b): aombaye viza ya ziara huhesabiwa kuwa ni mhamiaji mpaka athibitishe kuwa siye. Mtu angedhani kwamba tikiti ya kurudi ndiyo ithibati; walakini serikali hiyo hiyo huwaonya waombaji wasinunue tikiti kabla ya kupata viza. Uingereza nayo haimlazimishi mwombaji kuonyesha tikiti. Yataka awe na fedha za kumtosha ziarani pamoja na za safari ya kurudi, na afisa aridhike kuwa ataondoka ziara ikiisha, ambayo kwa kawaida haizidi miezi 6. Ama nchi za Ulaya zilizo katika mapatano ya Schengen, kanuni yao ya mwaka 2009 yaitaja tikiti ya kurudi, au nafasi iliyowekwa tu katika ndege, kuwa ni moja katika dalili za nia ya kuondoka. Na pamoja nayo imetaja kazi ya mtu, mali yake isiyohamishika na jamaa zake.

Nafasi iliyowekwa si tikiti iliyolipwa, na tofauti hii imewaumiza wengi. Twamjua baba mmoja mtaani kwetu aliyeuza kipande cha shamba akanunua tikiti za watu watatu, za bei nafuu zisizorudishiwa fedha, kwa kuambiwa kuwa bila hizo viza haitatoka. Viza haikutoka, na fedha hazikurudi. Angeuliza kwanza masharti ya ubalozi wenyewe, na yakitaka tikiti, angetafuta ile inayoweza kuvunjwa na kurudishiwa fedha, ijapokuwa bei yake huwa kubwa.

Mwenye viza naye asidhani kwamba mambo yamekwisha, maana mlango wa pili ni meza ya wenye ndege. Hawa wana hofu yao. Uingereza, tangu ilipotunga sheria mwaka 1987, hulitoza faini shirika linalompeleka abiria asiyekuwa na hati zinazotakiwa, na leo yaweza kufika pauni 2,000 kwa kila mtu. Tena mgeni akikataliwa mpakani, shirika lililomleta ndilo linalopaswa kumwondoa. Kwa hiyo mtumishi wa mezani hufungua kompyuta akatazama masharti ya kila nchi katika orodha iitwayo Timatic, na akiona tikiti ya kurudi inatakiwa nawe huna, hakupandishi. Kubishana naye hakufai kitu. Mwezi wa Mei 2024 magazeti ya Dubai yalieleza habari za wasafiri wenye viza za ziara waliozuiwa kupanda ndege kwenda huko, kwa kukosa tikiti ya kurudi, mahali pa kufikia, au fedha zisizopungua dirham 3,000. Wengine viza walikuwa nayo mkononi.

Hapa ndipo wanapoingia wauzaji wa tikiti za uongo. Kijana hupewa karatasi nzuri yenye jina lake na tarehe, akaambiwa, "Ionyeshe tu, hakuna atakayeuliza." Nafasi ya kweli katika ndege ina alama ya herufi na tarakimu 6, na afisa huweza kuihakikisha mara moja. Karatasi ikionekana ya uongo, huwa ni udanganyifu mbele ya serikali, na jina la kijana huandikwa kwa jambo hilo na kumfuata katika maombi mengine.

Na wako wanaonunua tikiti ya kweli kwa nia ya kuitupa. Twajua kuwa vijana wengi wa pwani huenda Ghuba kwa viza ya ziara wakitafuta kazi, na hatuwadharau, maana riziki hutafutwa. Lakini aliyeingia kwa kusema "mimi ni mgeni" ametoa ahadi, na siku zake zikiisha huwa hana haki ya kukaa wala ya kufanya kazi. Mwajiri akimnyima mshahara, anaogopa kumshitaki. Akiugua, anaogopa kwenda hospitali. Kisha nyumbani hawapati habari zake, wala mama mtu hajui amwulize nani.

Kwa anayekwenda ziara ya kweli, yako mambo machache. Tarehe ya kurudi na iwe ndani ya siku alizoruhusiwa kukaa, wala asizichanganye siku hizo na muda ambao viza yaweza kutumiwa. Viza yaweza kuwa hai miezi mingi na ruhusa ya kukaa ikawa ni siku 30. Akikosa ndege ya kwenda, asifikiri ile ya kurudi imebaki, kwani mashirika mengi huifuta. Na awapigie simu siku ile ile. Mama mtu mzima na achapishiwe tikiti yake, aiweke pamoja na pasi yake katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku kubwa wala katika simu peke yake, kwani simu huzimika. Na akiugua huko asiweze kusafiri, jamaa zake wamwombee nyongeza ya siku kabla ya ruhusa yake kuisha, wakiwa na cheti cha daktari, ndipo waende kwa wenye ndege kubadili tarehe.