Land Rover ya Zamani: Anzeni Chini

Mkitaka kufufua Land Rover ya zamani, msikimbilie rangi. Magari haya yalianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kikiwa haba baada ya vita, ndiyo maana bodi karibu yote ni ya alumini. Alumini haishiki kutu kama chuma. Basi mtu huona gari linang'aa akasema ni zima, kumbe chesisi imeoza.

Chesisi ni ya chuma, na ndani iko wazi kama bomba. Matope huingia, yakakaa na maji, ikaanza kuliwa kutoka ndani. Sisi tunashauri mmoja wenu alale chini na nyundo ndogo, agonge polepole, hasa upande wa nyuma na pale springi zinaposhikana nayo. Ikilia vizuri, sawa. Ikilia kama debe bovu au ikibonyea, hapo pamekwisha. Zibueni pia vitundu vya chini, maji yapate kutoka.

Kabla fundi hajachomelea, fungueni waya za betri. Tena, modeli nyingi fupi zina tangi ya petroli chini ya kiti. Iondolewe kabisa, iwekwe mbali. Kumwaga petroli tu hakutoshi, kwa maana mvuke uliobaki ndio hulipuka. Fundi akiwaambia hakuna haja, tafuteni mwingine.