Fahamu: Mti hujuaje kwamba baridi inakuja?

Ni Agosti kaskazini mwa Sweden. Kuna joto na majani ya mpopla bado ni ya kijani, lakini matawi yake yameanza kuacha kurefuka. Mti umepima urefu wa mchana.

Jani ndilo linalopima

Ndani ya jani kuna fitokromu, protini inayohisi mwanga. Mchana ukiwa mrefu, jani hutengeneza protini iitwayo FT, inayoifanya ncha ya tawi iendelee kukua. Mchana ukipungua kupita kiwango fulani, FT hupotea na ukuaji husimama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa kiwango hicho hutofautiana: mipopla ya kaskazini husimama wakati mchana bado ni mrefu kuliko ule unaoisimamisha ya kusini.

Homoni zinapobadilishana zamu

Jiberelini, homoni inayorefusha shina, hupungua. Ncha hujifunika kwa magamba madogo na kuwa tumba. Kisha asidi ya absisiki, homoni nyingine, huchochea kuzibwa kwa vijitundu vinavyounganisha seli, ili ujumbe wa kukua usipenye. Ni kinga ya ajabu: hata joto la ghafla haliliamshi tumba. Huamshwa na baridi ya wiki nyingi.

Kwa nini ni muhimu

Mti wa kusini ukipandwa kaskazini huchelewa kusimama, na baridi huua machipukizi yake. Wa kaskazini ukipelekwa kusini hudumaa. Tatizo linakua sasa, kwa sababu mabadiliko ya tabianchi yanabadilisha joto huku urefu wa mchana ukibaki vilevile.