Sashe ya mihogo: kwa nini inapasuka mbio, na namna ya kuitia nguvu

Leo tuongee juu ya sashe. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki nchini kwetu. Lakini pita sokoni Kadutu: kuko sashe kila meza. Mvua ikinyesha, zinateremka mpaka Ziwa Kivu, zinaingia Ruzizi, zinaziba mashine za bwawa la Ruzizi I, na sisi tunabaki gizani.

Juu nilisoma agronomia, watu wananiuliza: si mtutengenezee plastiki ya mihogo, ile inaoza? Inawezekana. Kuitengeneza si shida kubwa. Shida ni kwamba inapasuka mbio.

Ugumu na uvumilivu ni vitu viwili

Biskuti ni ngumu, lakini ukiikunja inavunjika. Mpira ni laini, lakini ukiuvuta unakubali. Uvumilivu wa plastiki ni kiasi cha nguvu inachomeza kabla ya kuvunjika. Sashe ya soko inahitaji uvumilivu kuliko ugumu.

Wanga wa mihogo peke yake ukikauka unapasuka. Ukiupika pamoja na gliserini, ile gliserini inaingia katikati ya minyororo mirefu ya wanga, minyororo inateleza, plastiki inakunjika. Lakini gliserini inapenda maji: masika ikifika sashe inalegea. Halafu siku zikipita, minyororo ya wanga inajipanga upya na plastiki inakuwa ngumu tena. Ni jambo lile lile linalofanya bugali ya jana ikakamae.

Kuchanganya

Kwa hiyo viwanda vinachanganya. Kuko PLA, inayotoka kwa sukari ya mahindi au ya miwa: bakteria wanaigeuza asidi laktiki, ile ile iliyo ndani ya mashanza. PLA ina nguvu, lakini kwa kawaida inakatika kabla haijavutika hata 10 %. Kuko pia PBAT, inayoweza kuvutika zaidi ya 500 %, ila peke yake ni laini mno. Ecovio ya kampuni BASF ni mchanganyiko wa hizo mbili.

Tatizo ni kwamba PLA na PBAT hazipatani, sawa vile mafuta na maji. PBAT inabaki matone matone ndani ya PLA. Kama matone ni makubwa na hayakushikwa vizuri, ufa unapita pembeni yao na sashe inakatika. Hapo ndipo wanaongeza kiunganishi: kinafanya kazi kama sabuni, upande mmoja kinashika PLA, upande mwingine PBAT. Matone yanakuwa madogo sana, na yanashikwa. Ufa ukija, tone linavutika, nguvu inasambaa pande zote, ufa unachoka njiani.

Na kwetu?

Chukua sashe ya pepinyeri ya kahawa. Mche unakaa ndani miezi mingi, unamwagiliwa kila mara, kisha unabebwa mpaka kwenye kilima huko Kalehe au Idjwi. Sashe ya wanga tupu itakufa mbele ya mche. Sashe ya PLA nyingi itakaa ardhini miaka, juu PLA inaoza vizuri kwenye mboji ya kiwanda yenye joto karibu 58 °C. Udongo wetu haufiki hapo, na ziwa letu vilevile. PBAT inaoza ardhini kuliko PLA, ila kwa kawaida inatoka kwa petroli. Kwa hiyo kwa pepinyeri mimi ningeanza na PBAT na wanga wa mihogo, pamoja na kiunganishi. Tusitafute sashe isiyokatika kamwe. Tutafute ile inayovumilia mpaka siku ya kupanda, kisha inakubali kuoza.

Mtu akikuletea sashe "inayooza", muulize: inaoza wapi, kwa joto gani, kwa muda gani?

Na wewe unayetafuta mada ya kazi ya mwisho wa masomo, hii haitaki maabara kubwa. Kata vipande vya upana mmoja, tundika bidoni, ongeza maji kidogo kidogo, pima kipande kimevutika kiasi gani na kimekatika kwa kilo ngapi. Rudia na vipande vilivyolowa. Vingine vizike shambani, uvifukue kila mwezi. Hapo tutakuwa na namba zetu za Bukavu.