Saratani ya Figo Irithiwayo

Figo yenye saratani ikisha kutolewa, tusidhani shughuli imekwisha. Kipande chake hukatwa chembamba, hutiwa rangi, kikatazamwa kwa hadubini. Pengine ndani ya viini vya seli huonekana kitone kikubwa chekundu, kimezungukwa na weupe. Hapo daktari hushuku maradhi ya ukoo, ambayo jeni yake ilitambuliwa mwaka 2002. Kila mtoto wa mwenye jeni hiyo yumkini ya kuirithi ni nusu. Mirathi hii haichagui mume wala mke. Labda dada zake mgonjwa walikwisha kupasuliwa uvimbe wa kizazi wangali vijana, na hakuna aliyeziunganisha habari hizo! Saratani hii huenea upesi hata ikiwa ndogo. Basi twawasihi jamaa waulize majibu ya kipande kile, nao wapimwe damu. Atakayeonekana nayo hupigwa picha ya figo kila mwaka.