Komprime ya malaria, nani anaipima?

Iniversite ya Lubumbashi ilifunguliwa mwaka 1956. Mwaka 1971 Serikali iliunganisha iniversite zote tatu za inchi. Lubumbashi ikasimama tena yenyewe mwaka 1981. Leo iko na fakilte ya famasi.

Sisi watu wa mine tunafikiri famasi ni kuuza komprime tu. Hapana! Mule wanafundisha kupima: ndani muko dawa kiasi gani? Wanachunguza hata majani ya baganga wetu.

Kama dawa haitoshi, homa inashuka, lakini vidudu vya malaria vinabaki mu damu na vinaanza kuzoea dawa. Na siye tunanunua kwa soko, juani.

Wakubwa wapeleke dawa za dispanseri zetu zipimwe pale kwanza, delege wa wafanyakazi aone majibu.